Usiagize Mota Kabla Hujakigeuza Kichwa kwa Mkono

Jana usiku kijana mmoja wa Mwanza ameniandikia: "Shikamoo kaka. Muvingi yangu moja inatikisa kichwa kama binti anayekataa posa. Nimeshaagiza mota." Muvingi ni ile taa ya ukumbini inayojizungusha kichwa yenyewe kwa mota. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Hiyo "nimeshaagiza mota" naijua uchungu wake.

Miaka minne iliyopita nilifunga muvingi sita, aina ya bimu 230, kwenye sendofu, ukumbi mmoja wa Sinza. Nilipoziwasha zote zilijizungusha, zikatafuta sensa zao (vijicho vya kuzionyesha kichwa kiko wapi), zikatulia. Nikajiona fundi. Bibi harusi mtarajiwa anaingia, taa ya tatu ikageuka kushoto, ilipofika mahali ikaanza kutetemeka na kunguruma, halafu ikapotea. Wenzake wanammulika binti wa watu, yenyewe inamulika meza ya chakula. MC akadaka kipaza sauti: "Fundi, hata taa yako ina njaa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi bado sijaona cha kuchekesha.

Bosi akanikata posho ya siku ile. Nikajiapiza kuitengeneza mwenyewe. Mota ya pani, ile ya kugeuza kichwa kulia na kushoto, 85,000 kutoka mfukoni mwangu: bado. Bodi ya draiva, inayoendesha mota, ya kuazima: bado. Napima koili za mota (nyaya zilizozungushwa ndani yake) kwa multimita, zote mbili zinasoma sawa. Nikaanza kuhisi nimerogwa, kweli tena.

Wiki ya tatu umeme ulikatika nikiwa nayo mezani. Kwa kukosa la kufanya, nikabana multimita upande wa bodi, kwenye plagi ya mota, nikawa nakigeuza kichwa taratibu kwa mkono, tochi mdomoni. Kilipofika kona ileile ya Sinza, namba ikapotea. Nikarudisha, ikarudi. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, pale nyaya zinapopita shingoni kutoka kitakoni kwenda kwenye mkono wa taa. Pani huzunguka nyuzi 540, yaani mzunguko mmoja na nusu, kwa hiyo zile nyaya husokotwa na kusokotolewa usiku kucha. Na mota ya stepa, hii inayozunguka hatua kwa hatua, ikikosa koili moja haina nguvu ya kwenda mbele wala nyuma, inabaki kutetemeka palepale. Siku zote nilikuwa naipima ikiwa imetulia, na ikiwa imetulia ilikuwa nzima!

Sasa mdogo wangu wa Mwanza, kabla hata ya bisibisi, chomoa kebo ya DMX, ile inayoiletea taa amri, uiwashe peke yake. Ikitulia, tatizo liko kwenye kebo, adresi (namba ya taa) au modi ya chaneli (idadi ya chaneli taa inazosoma). Wengi tunaunga taa kwa kebo za maiki, tena mwisho wa mstari hatuweki rezista ya omu 120 kati ya pini 2 na 3, halafu tunashangaa taa za mwisho zikicheza peke yake.

Ikiendelea kutikisika, zima umeme, ukigeuze kichwa kwa mkono. Kikikwama, angalia beringi, au kama umesahau kufungua loki ya usafiri (usicheke, imewapata wakubwa). Ukisikia meno ya mkanda unaogeuza kichwa yakiruka, ukaze. Ikiwa taa inajigonga mwisho kila inapowaka, futa vumbi kwenye sensa kwanza. Baada ya hapo badilishana plagi za pani na tilti (ya kuinua na kuinamisha kichwa) kwenye bodi: ugonjwa ukihamia tilti, bodi ndiyo mgonjwa, ukibaki kwenye pani, shuka kwenye nyaya, mota iwe ya mwisho. Na plagi ya mota usichomoe umeme ukiwepo, utaunguza draiva, uje uniambie nawe umerogwa.

Vijana wa siku hizi mna haraka ya kununua. Kifaa kipya kinafika, mnakifunga, taa inatikisika vilevile, mnailaumu China. Mkono wako ni bure, anza nao. Geuza kichwa mpaka mwisho wa kulia, mpaka mwisho wa kushoto, macho kwenye multimita. Geuza tena.

Wale wa Sinza wameshaniita mara tatu tangu hapo, na MC yule sasa ananiita "injinia". Mota ya 85,000 ninayo hadi leo, imo kwenye boksi lake. Kijana wa Mwanza kama oda yake bado haijatoka, namuachia kwa 50,000.