Tutampiga, sio "tunakwenda kumpiga"

Msomaji mmoja kaniuliza hivi: kwenye ile hotuba ya Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yameshaingia Kagera, Mwalimu Nyerere alisema "uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo". Kwa nini hakusema tu "tuna uwezo", na kwa nini mara tunao mara tunayo?

La pili jepesi. Uwezo uko ngeli ya U ndo maana tunao, sababu na nia ziko I-ZI kwa hiyo tunayo, basi.

La kwanza ndo tamu. "Tuna uwezo" ni taarifa tu, inafaa ripoti ya mwaka. Ila ukiutanguliza uwezo wenyewe halafu ukamalizia na "tunao" hapo unamjibu mtu aliyekutilia shaka, na msikilizaji akishalipata la kwanza anaanza kulisubiri la pili, la tatu likifika yeye keshalisema moyoni. Ari ya watu inapandia hapo.

Lakini kilichoniwasha ni neno jingine la kusemea nia hiyohiyo: "tutampiga". Neno moja, sisi tumo, yeye yumo, kipigo kimo, na hiyo -ta- asili yake ni kitenzi taka, kwa hiyo hata nia imo humohumo. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita na Hitler, naye bungeni 4 Juni 1940, wanajeshi wake wametoka kuokolewa Dunkirk kule Ufaransa, alirudia tu kwa Kiingereza chake kwamba tutapigana fukweni, tutapigana mashambani na mitaani, tutapigana vilimani. Hakuna aliyechoka kusikiliza.

Sasa njoo kwa washika maiki wa leo. "Tunakwenda kushinda." "Tunakwenda kuhakikisha." "Bajeti hii inakwenda kuboresha." Bajeti inakwenda wapi jamani, ina miguu? Hebu chukua maneno ya 1978 uyavalishe lugha yao: "Ndugu wananchi, tunakwenda kuhakikisha kwamba adui anakwenda kupigwa." Soma kwa sauti. Nani anampiga? Lini? Kila mtu yuko safarini na mpigaji mwenyewe katoroka ndani ya hiyo "kupigwa". Anayekwenda bado yuko njiani, anaweza kugeuza, na mtu mwenye hofu analisikia hilo haraka kuliko mwandishi wa spichi anavyodhani.

Wanajeshi wa Tanzania walikwenda kweli, kwa miguu na kwa malori, mpaka Kampala ikaanguka Aprili 1979. Hao wakisema "tunakwenda kumpiga" ni Kiswahili safi kabisa, maana barabara walikuwa wanaiona.

Naambiwa kila siku lugha inakua, na mtaani hii imeshazoeleka, sitagombana na mtu anayepiga stori na wenzake. Ila wewe unayesimama mbele ya taifa zima lenye hofu unaliomba liwe jasiri, lipe hiyo -ta-, halafu sema wazi ni nani atakayefanya.