Tumbo kujaa gesi: nilihangaika miaka miwili kuongeza vitu, kumbe nilitakiwa kupunguza

Mleta mada pole sana. Umesema asubuhi tumbo liko flati, ikifika jioni limejaa kama ngoma, umeshapima ukaambiwa huna kitu na sasa unauliza kama kuna njia ya asili ya kutuliza hiyo hali bila kumeza vidonge maisha yako yote. Mi nimeishi na hiyo ishu miaka miwili na kidogo, nakuelezea yangu yote pamoja na upumbavu nilioufanya, ni ndefu kidogo vumilia.

Kipimo changu kilikuwa mkanda wa suruali. Asubuhi tundu la tatu, jioni tundu la mwisho na bado nafungua kifungo nikikaa. Sikuwa nanenepa wala nini, manake kesho yake asubuhi nipo tundu la tatu tena. Mafuta hayaji jioni na kuondoka usiku, hiyo ni gesi na mzigo uliokwama humo ndani.

Mwaka wa kwanza wote kazi yangu ilikuwa kuongeza vitu. Kila aliyesikia nina gesi alikuwa na kitu cha kuniambia nikoroge ninywe: maji ya ndimu, siki ya tufaha, unga wa mbegu sijui gani, unga wa mkaa, na mwisho chai ya kusafisha utumbo. Hiyo chai ndo sitaisahau. Siku tatu nimeendesha, tumbo likashuka, nikashangilia kabisa nikawa naisifia kwa watu, wiki iliyofuata choo kikagoma kabisa na gesi ikarudi mara mbili. Nilipokuja kusoma pakiti nikakuta ni sena, yaani dawa ya kuharisha imevalishwa nguo ya chai. Sena inaulazimisha utumbo mpana kusukuma, unapoteza maji na chumvi za mwili, kilichokuwa kinakuletea gesi hakijaguswa. Mkaa nao angalia sana kama kuna dawa unatumia, unanyonya na dawa humo humo, hata vidonge vya uzazi wa mpango.

Afu nikaamua kula kiafya. Hapo ndo niliharibu zaidi. Kutoka mtu asiyekula mboga nikarukia bakuli la saladi mchana, kabichi mbichi usiku, maharage kila siku, ndani ya wiki moja. Jamani. Nyuzinyuzi ni nzuri kweli, mtu mzima anashauriwa apate kama gramu 25 hadi 30 kwa siku, ila zile ambazo sisi hatuwezi kuzisaga zinafika utumbo mpana na bakteria wa kule wanazichachusha, na uchachushaji unatoa gesi, haidrojeni na kabonidayoksaidi, kwa wengine na methani. Ukiwapa bakteria sherehe ya ghafla watapiga muziki mpaka asubuhi. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa na maji yaende pamoja, tumbo linazoea.

Kilichonisaidia ni daftari. Najua linaboa. Kila siku naandika nimekula nini, saa ngapi, mkanda uko tundu la ngapi jioni, na choo kilikuwaje. Hiyo ya choo niliona aibu hata kuiandika lakini ndo iliyonifungua macho. Kuna chati inaitwa chati ya Bristol, imegawa choo aina 7, ya 1 ni vigololi vigumu, ya 4 ni laini kama ndizi, ya 7 ni maji matupu. Mi nilikuwa naenda kila siku kwa hiyo daktari akiniuliza umefunga choo najibu hapana, kumbe daftari linaonyesha ya 1 na ya 2 kila siku, nakaa nusu saa na simu mkononi nasukuma natoa kidogo. Unaweza kwenda kila siku na bado ukawa umefunga choo, kwa sababu hakitoki chote. Na mzigo ukikaa njiani gesi iliyo nyuma yake itapita wapi?

Kwa hiyo nilianzia hapo kabla ya kugusa chakula. Stuli fupi chini ya miguu nikikaa chooni ili magoti yapande juu ya kiuno, ule mkao wa kuchuchumaa unanyoosha njia. Naenda baada ya kunywa chai ya asubuhi hata kama sijasikia sana, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao unaamka unaanza kusukuma, asubuhi ndo una nguvu zaidi. Na nikibanwa nikiwa kazini naenda, zamani nilikuwa najizuia mpaka nifike kwangu, ule ujinga wa kujizuia ndo unakausha choo. Nikaongeza isabgol, yale maganda ya mbegu, kijiko kidogo kwenye glasi nzima ya maji na nyingine ya maji matupu juu yake, usiimeze na maji kidogo inavimba itakukaba. Hii inachachuka kidogo kuliko nyuzinyuzi nyingi kwa hiyo gesi yake ni ndogo. Baada ya kama wiki tatu jioni nikawa tundu la nne. Sijaacha chakula chochote bado.

Sasa chakula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, Australia, ndo waliotengeneza mpango wa kupunguza sukari zinazochachuka kirahisi, wanaziita FODMAP. Zipo kwenye vitunguu maji, kitunguu saumu, ngano, maharage na jamii yake, maziwa, asali, matufaha, maembe, na zile sukari bandia za sorbitoli na ksilitoli. Ukiisoma orodha unaona nitakula nini sasa, lakini watu wengi wanakosea hapa, hawasemi uache maisha. Unapunguza wiki 2 hadi 6, afu unarudisha kundi moja moja uone lipi ndo adui yako, mengine unaendelea kula. Tena ukiviacha vyote moja kwa moja unawanyima chakula bakteria wazuri. Na ukipata mtaalamu wa lishe wa kukuongoza ni bora zaidi, hasa kama mwili wako ni mwembamba.

Mimi maharage hayakuwa na shida kubwa nikiyaloweka usiku kucha nikamwaga yale maji na kuchemshia mapya, sukari nyingi ya gesi inaondoka na maji. Ngano kawaida. Maziwa glasi nzima hapana, mtindi sawa, na hili si ugonjwa wa ajabu, karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani uwezo wao wa kusaga sukari ya maziwa umepungua. Adui wangu alikuwa kitunguu, vyote viwili. Kwa bahati sukari yake haiyeyuki kwenye mafuta, unakaanga kitunguu saumu kizima kwenye mafuta, unakitoa, unapikia hayo mafuta, ladha imebaki na tumbo limetulia. Usihifadhi hayo mafuta juu ya meza siku nzima lakini, kitunguu saumu ndani ya mafuta kinaweza kuota vijidudu vya sumu kali, tengeneza ya kutumia muda huo huo.

Na kichekesho, nilikuwa natafuna chingamu isiyo na sukari siku nzima ili kukata harufu ya vitunguu. Sorbitoli tupu hiyo, na kila ukitafuna unameza hewa. Nilikuwa najijaza mwenyewe kwa pande mbili.

Hewa nayo msiidharau. Nilikuwa namaliza sahani dakika saba nikiangalia kompyuta, soda kwa mrija pembeni. Nikaacha soda, nikawa naweka kijiko chini kati ya tonge na tonge, na baada ya kula natembea dakika kumi au kumi na tano badala ya kulala. Kubeua kulipungua ndani ya siku chache tu.

Kitu kingine ambacho sikukijua, kuna watu gesi yao ni ya kawaida kabisa ila tumbo linatokeza, kwa sababu ule msuli mkubwa wa kupumulia ulio chini ya mapafu unashuka chini na misuli ya tumbo inalegea badala ya kukaza. Wakiwa na stresi ndo zaidi. Kupumua taratibu kwa tumbo, mkono mmoja juu ya kitovu, dakika tano baada ya kula, inasaidia. Mi niliona ni mambo ya wazungu wa yoga, siku hizi nafanya.

Tangawizi sawa, inasaidia chakula kutoka tumboni haraka. Mnanaa unalegeza misuli ya utumbo, ila kama una kiungulia uukwepe, mi uliniunguza kifua. Vidonge vya bakteria wazuri nilimaliza makopo mawili sikuona tofauti, wapo walioona, inategemea aina ya bakteria.

Halafu rudi ukaulize hicho ulichopimwa ni kipi hasa. Helicobacter pylori, wale bakteria wa tumboni? Choo kwa ajili ya giardia, kile kimelea cha utumbo? Ugonjwa wa siliaki, ule ambao kinga ya mwili inashambulia utumbo wako ukila ngano? Hicho cha ngano usiache ngano kabla ya kipimo, kitasoma uongo. Ukiona damu au choo cheusi, unapungua uzito bila sababu, homa, unatapika, unaamshwa na maumivu usiku, au imeanza tu ukiwa na miaka 50 na kuendelea, acha daftari nenda hospitali. Na kwa kina dada, tumbo likijaa karibu kila siku kwa wiki kadhaa na unashiba upesi, omba wakuangalie ovari, msikubali kuambiwa ni gesi tu.

Sasa hivi jioni nipo tundu la tatu au la nne. Kujamba bado najamba kama kila mtu, mara kumi hadi ishirini kwa siku ni kawaida. Juzi nilikula kachumbari ya vitunguu nikijua kabisa, tundu la mwisho, na sijutii.

Mleta mada nijibu kwanza hili bila aibu: choo chako ni vigololi au ndizi?