Modeli Ikiganda, Tazama Saa Yake Kwanza

Modeli yako inayoiga kiwanda ikiganda, kabla hujaizima programu, tazama saa yake, ile inayohesabu muda wa kiwanda ndani ya kompyuta. Kama imesimama huku feni ya kompyuta inavuma, una tatizo moja. Kama inakwenda lakini bidhaa hazitoki, una jingine kabisa. Kama inazidi kuwa nzito polepole, hesabu foleni: huenda vitu vinaingia kwa kasi kuliko vinavyotoka. Mimi nilipoteza wiki nzima na pesa ya kuongeza RAM kwa kutojua tofauti hiyo.

Nilikuwa naiga laini ya kuosha chupa za soda, zamu ya saa 8, yaani sekunde 28,800, kwa SimPy, maktaba ya Python ya kuiga matukio. Ilikuwa ikiganda kila mara, mahali tofauti. Nikafunga mbegu ya namba nasibu, yaani namba ya kuanzia ambayo kompyuta huzalishia bahati nasibu zake, ili kosa lijirudie palepale, kisha nikaagiza kila tukio liandikwe pamoja na saa yake. Skrini ikajaa 4312, 4312, 4312, na mbele ya kila moja: mkanda umejaa, jaribu tena. Kitanzi changu, yaani amri zinazojirudia, kilikuwa kikiuliza nafasi bila kusubiri hata kidogo. Saa haisogei mpaka matukio ya wakati huo yaishe, na haya yalikuwa hayaishi. Usiandike kitanzi cha kuulizauliza. Uache mchakato ulale, uamshwe nafasi ikipatikana. Wapo wanaoweka subira ya sekunde 0.001. Siipendi, kosa linabaki palepale, limefunikwa tu.

Nikarekebisha. Saa ikafika 28,800, lakini baada ya sekunde ya 4,312 haikutoka chupa safi hata moja. Chupa iliyokataliwa na mkaguzi hurudi kwenye mkanda wa kuingilia mashine. Mkanda ukijaa, mkaguzi hawezi kuiachia. Mashine haiwezi kutoa kwa sababu mkaguzi hajapokea. Mkanda hausogei kwa sababu mashine haijatoa. Wote wanangojeana.

Lakini kiwanda chenyewe kilikuwa hakikwami. Nikaenda kuangalia. Kando ya mkaguzi alisimama dada mmoja, kreti tupu miguuni. Mkanda ulipojaa alizichukua chupa chafu kwa mkono, mbilimbili, akazipanga kwenye kreti, ulipopungua akazirudisha. Kwenye michoro niliyopewa hakuwemo. Nikamwingiza kwenye modeli, yeye na kreti zake tano za chupa 24, na zamu ikaisha bila kukwama.