Kuvisha chambo cha risasi: manyoya ya kuku au rasta?

Kaka, umeuliza uvishe nini (yaani ufunge mkia gani kwenye ndoana) vile vyambo vya kuvulia vya risasi, ile metali nzito, unavyoyeyusha mwenyewe, manyoya ya kuku au rasta, zile nywele bandia za kusukia. Kwa kolekole wa huku Dar, rasta. Pakiti moja ya Kariakoo inavisha ndoana nyingi, na meno ya nguru yakiikata hulii. Chukua iliyonyooka, nyeupe chini, bluu au kijani juu, maana vibua, samaki wadogo tunaowaiga, wana mgongo wa giza na tumbo jeupe. Usijaze! Nyuzi zikizidi, chambo kinashuka polepole na hakichezi. Ukikilowesha, mwanga upenye katikati. Zipite ndoana kidogo tu, la sivyo samaki atang'ata mkia aondoke zake.

Manyoya marefu ya shingo ya jogoo yanacheza vizuri ukivuta taratibu, ila yanachakaa haraka. Nyuzi za kiroba achana nazo, ni ngumu na zinaelea. Rasta huteleza, kwa hiyo kaza kwa uzi wa nailoni, tone la supaglu, kisha paka rangi ya kucha juu ya fundo. Na risasi yeyushia nje, si jikoni kwa shemeji. Moshi wake ni sumu.