Baraza la chupa, nani atalikalia?

SWALI: Asalam aleikum Fundi. Sisi vijana wa mtaa mmoja hapa Lamu tumeokota magunia na magunia ya chupa za plastiki ufuoni, twataka tujenge baraza lenye kivuli ili mtaa mzima ukae. Wazee watucheka, ati nani atakalia takataka. Tuendelee ama tuwache? – Msomaji, Lamu

JIBU: Waalaikum salaam wanangu. Wazee msiwakasirikie, wao wamezoea baraza za mawe na chokaa nanyi mwawaletea chupa za soda! Lakini hapa hapa kwetu si iko Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa tani 10 hivi za plastiki na kupambwa kwa ndara za kuokotwa, fundi mkuu akiwa Ali Skanda, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likafika mpaka Unguja. Plastiki ikibeba watu baharini itashindwa na kiti?

Ila mimi naona shida yenu si chupa. Chupa ya ufuoni haina mwenyewe, ndo maana wazee waiona taka tu. Huko Japani kuna kimji chaitwa Kamikatsu, watu wake huchambua taka mafungu zaidi ya 40 (nyumbani kwangu hata mawili yatushinda), na 2020 walifungua kituo chao cha taka ambacho kuta zake zimepachikwa madirisha makuukuu kama 700, mengi yametolewa na wenyeji wenyewe. Sasa fikiri mtu apita pale aona dirisha la jikoni kwa mamake, hapo utamwambia si pake?

Basi piteni nyumba kwa nyumba muombe kitu, vigae, kipande cha mlango, sahani iliyovunjika. Na sahani si mambo mageni, nendeni Mambrui, kule karibu na Malindi, muone kaburi la nguzo lilivyopachikwa vyombo vya kichina. Vitu hivyo vya watu ndo viwe usoni pa baraza, vionekane.

Chupa ziwe ndani. Zijazeni plastiki safi na kavu, shindilieni mpaka zisibonyee, mlaze kwa saruji kisha mpige plasta kote isionekane hata moja, maana jua huila plastiki na ikishika moto moshi wake ni sumu. Kama ni ndani ya Mji wa Kale waulizeni kwanza watu wa makumbusho, pale ni urithi wa UNESCO tangu 2001, msije mkabomolewa.

Na huyo mzee anayecheka zaidi, muanze kwake kuomba sahani.