Magoti ya mama, usiku wa baba: maswali yenu ya wiki hii

Maswali ya safari hii karibu yote yatoka kwa watu walio hapa Mombasa na wazazi wao wako mashamba. Mimi nilikuwa nesi, sai nimestaafu, kwa hivo najibu kama nesi na pia kama mtu ambaye magoti yake mwenyewe yashaanza kulia akipanda ngazi.

Mamangu ako Kinango, miaka 72, magoti yamuuma. Anunua diclofenac dukani kila siku na ako kwa dawa ya presha. Kuna ubaya? (Changamwe)

Upo, na si mdogo. Diclofenac, Brufen na ndugu zao zapunguza uvimbe kweli, lakini mzee akimeza kila siku zamchubua tumbo mpaka laweza kuvuja damu, zachosha figo, na presha nayo yapanda hata kama dawa yake hakosi, alafu kliniki mwashangaa mbona haishuki. Akiona choo cheusi kama lami msingoje Jumatatu. Dawa ya presha asiiache, ile ya maumivu aisimamishe mpaka aonane na daktari. Kwa sasa Panadol, yaani paracetamol, ya 500 mg yaweza kumsaidia, mbili kila baada ya saa sita, zisizidi nane kwa siku, na kama ni mwembamba au ana shida ya ini ziwe chache zaidi, muulize daktari. Na muangalie asije akameza na dawa ya mafua, nyingi ndani yake ni paracetamol iyoiyo.

Lakini mimi ningeuliza kwanza hapo nyumbani anakaa vipi. Mbuzi ya nazi iko chini, jiko liko chini, choo ni cha kuchuchumaa, na kila akiinuka goti ndo lalipa. Tafuteni fundi ainue jiko, awapigie na kiti kilichotobolewa katikati cha chooni. Kama ni mtu wa kuswali aswali ameketi, ruhusa ipo. Bakora ashike mkono wa upande wa goti zima, hapa wengi hukosea. Na asikae tu kulala: aketi kitini, anyooshe mguu, ahesabu mpaka tano, ashushe, mara kumi asubuhi na jioni, manake goti lisilotumika laganda.

Babangu ako Rabai. Tangu mama afariki ananipigia saa nane za usiku mgongo wamuuma, na mchana haumuumi hivo. Picha imeonyesha uzee tu. Ajifanya? (Tudor)

Hajifanyi. Maumivu yakishapita miezi mitatu mara nyingi yashakuwa ugonjwa wa kivyake, mishipa ya fahamu yabaki na kelele hata kama kwenye picha hakuna kitu cha kutisha, na upweke na kukosa usingizi ndo waongeza sauti ya ile kelele. Mchana kuna kuku, kuna mtoto wa jirani, bodaboda yapita. Saa nane za usiku kuna yeye, mgongo wake, na ule upande wa kitanda ulio wazi.

Wewe ndo umpigie, kila siku saa moja usiku, hata dakika tano, na usianze na mgongo, kwa sababu ukiuliza mgongo utaletewa mgongo. Muulize minazi, muulize nani kaoa, ile kesi ya mpaka imefika wapi. Muombe ushauri hata kama huuhitaji. Mhudumu wa afya wa kijiji naye mtafute apitie pitie. Mimi shangazi yangu nilimpelekea kuku sita akalalamika nimemletea mzigo, sai ukimkatiza habari za kuku anakununia.

Na muulize taratibu kama kuna kitu anaogopa. Hatupendi kulitaja, lakini Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma yake kuna shamba, kwa hivo mzee anayejifungia ndani kabla jua halijazama usiseme tu ni uchovu.

Ile picha isikulaze pia. Mgongo ukija na miguu kukosa nguvu, mkojo kuziba au kumponyoka, kukonda, homa, au alianguka, hapo simu haisaidii, ni hospitali.

Maji moto au barafu? (Likoni)

Goti lililofura leo baada ya kuteguka, barafu ndani ya leso dakika 15. Maumivu ya zamani ya kukakamaa, maji moto, yasiunguze.

Nyanya miguu yamwaka kama imepakwa pilipili, hasa usiku. (Mtwapa)

Kabla hamjanunua mafuta mengine apimwe sukari. Na nyayo zake mzitazame kila jioni, mguu wa sukari waweza kukanyaga msumari usijue, kwa hivo huyu mambo ya maji moto hapana.

Nimemleta mamangu kwangu Bamburi, ghorofa ya nne, kila siku aumwa na asema ataka kurudi Kaloleni. Nifanyeje? (Bamburi)

Kwake alikuwa akishona makuti na wenzake mpaka jua la utosi, apigiwa hodi mara kumi kwa siku. Kwako mwatoka alfajiri mwarudi saa mbili usiku, yeye na tivi, na zile ngazi kwa magoti yake ni jela. Mimi ningemrudisha, lakini kwa mpango: siku za kliniki aje kwako, kule apatikane mpwa au jirani wa kulala naye, na alipwe. Pesa ya serikali ya Inua Jamii ya waliotimiza miaka 70 ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kama yuko kwenye orodha, na haiwezi kubeba hilo, kwa hivo mchange nyinyi watoto.

Na umuulize yeye. Barua yako nzima, hapa nimeifupisha, umenieleza wewe wataka nini na mkeo ataka nini, mama ametajwa mahali pamoja tu, na hapo amesema Kaloleni.