Ukitaka kuiona oksalisi ya msituni, keti chini

Mara ya kwanza nilipoingia kwenye msitu wa sekwoya, kaskazini mwa California, nilitembea shingo juu. Miti ile mingine hupita mita 100, utaachaje kuitazama? Nikawa nakanyaga pembezoni mwa njia, bila kujua kwamba nilichokikanyaga ndicho kingenirudisha pale mara kwa mara.

Ni Oxalis oregana, oksalisi, mmea mdogo unaotandika sakafu ya misitu ya pwani hiyo hadi majimbo ya Oregon na Washington. Ina vijani vitatu vyenye umbo la moyo juu ya kikonyo kimoja, na wengi huidhania klova, mmea mwingine wenye vijani vitatu. Tazama ncha ya kila kijani: ikiwa imekatwa katikati kama moyo, umeipata. Majira ya kuchipua hutoa maua meupe au ya waridi, yenye mishipa myembamba.

Ushauri wangu ni huu: keti kando ya njia, pale ambapo doa la jua linakaribia kufika, usubiri. Jua likigusa majani, hujikunja kuelekea chini kama mwavuli unaofungwa, na huchukua dakika chache tu. Kivuli kikirudi, hufunguka taratibu. Kwenye kitako cha kila kijani kuna kiungo kidogo, na maji yakihama ndani ya seli zake, kijani huinama. Mmea huu umezoea kuishi kwa mwanga hafifu mno, hata 1/200 ya jua kamili, hivyo jua la moja kwa moja huuumiza.

Mimi hilo nililijifunza kwa hasara. Niliupanda nyumbani, mahali penye jua la mchana, majani yakashinda yamefungwa, nami nikadhani ni kiu. Nikamwagilia, nikamwagilia tena, mizizi ikaanza kuoza. Nilipouhamishia kwenye kivuli cha ukuta, kwenye mboji ya majani yenye unyevunyevu, ulipona na kutambaa kwa vishina vyake vya chini ya udongo. Uwekee mpaka, maana hausimami.

Miche nunua kitaluni; usiing'oe msituni. Jani lake lina uchachu kwa sababu ya asidi ya oksaliki, kwa hiyo lionje kidogo tu, na mwenye mawe ya figo aliache kabisa.

Ukienda, chagua asubuhi ambayo ukungu wa bahari unaanza kuondoka. Hapo ndipo miale ya kwanza hupenya.